Sungura wa sebuleni anatafutiwa nyumba: kwa nini neno ‘bure’ ni la kuogopwa

Kufikia mwaka 2010, viwanja vya Chuo Kikuu cha Victoria, magharibi mwa Kanada, vilikuwa vimejaa sungura. Walikuwa zaidi ya elfu moja, wakila nyasi mchana kweupe, wakichimba mashimo kwenye viwanja vya michezo na kupita miguuni mwa wanafunzi bila woga wowote. Rangi zao ndizo zilizotoa siri. Sungura mwitu wa Ulaya karibu wote ni wa kahawia-kijivu. Hawa walikuwamo weupe, weusi, wekundu na wa mabaka, rangi ambazo hupatikana kwa kuzalishwa na binadamu. Walikuwa watoto na vitukuu wa wanyama waliotolewa majumbani. Mtu amechoka, binti amehamia mji mwingine, nyumba mpya hairuhusu wanyama. Gari linasimamishwa jioni kando ya uwanja, boksi linafunguliwa, basi, mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Chuo kilipoanza kuwaua baadhi yao mwaka huohuo, watetezi wa wanyama walikwenda mahakamani. Baadaye ilikubaliwa kwamba sungura wakamatwe, wahasiwe, kisha wapelekwe kwenye hifadhi zenye kibali cha kuwapokea. Mamia waliondolewa hivyo, wengine wakasafirishwa hadi Texas, nchini Marekani. Mawakili, madaktari, mitego, malori na fedha za michango vyote vilihitajika kwa sababu ya watu ambao kila mmoja, pengine, aliamini kwamba amemaliza tatizo la sungura mmoja.

Kumtafutia sungura nyumba mpya si jambo la aibu. Watu huhama, huugua, hufiwa, hupoteza kazi, huzaa mtoto mwenye pumu. Kinachougeuza uamuzi huo kuwa ukatili ni haraka: kumkabidhi wa kwanza aliyesema “mimi nitamchukua”, kisha kuiita haraka hiyo huruma kwa kuwa hakutozwa kitu. Dai la makala haya ni kwamba nyumba njema haipatikani kwa kutangaza tu. Inapatikana kwa kuhoji, na wa kuhoji ni yule anayetoa, kwa sababu mlango ukishafungwa hakuna mwingine atakayehoji.

Ananunuliwa kwa dakika kumi, anaishi miaka kumi

Sungura wa kufugwa asili yake ni Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, na kwa karne nyingi alikuwa mnyama wa banda: nyama, ngozi, manyoya. Kumfuga ndani ya nyumba, akijisaidia kwenye kisanduku chake na kulala chini ya kochi, ni desturi changa. Nchini Marekani ilipata nguvu baada ya Marinell Harriman kuchapisha kitabu chake cha mwongozo mwaka 1985, na mwaka 1988 ikaanzishwa House Rabbit Society huko California, jumuiya inayookoa sungura waliotelekezwa na kuwatafutia watu wa kuishi nao. Ukitazama tarehe hizo utaelewa kwa nini wengi bado wanamnunua kwa mawazo ya zamani, kana kwamba ni kitu cha kuweka kwenye kizimba uani na kutupiwa karoti.

Kiini cha matatizo mengi ni umri. Anauzwa akiwa na wiki nane hivi, anaenea kiganjani, na huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini msimu wa Pasaka humfanya kuwa zawadi. Baada ya miezi michache anabalehe. Dume ananyunyiza mkojo ukutani kuonyesha mipaka yake. Jike analinda kona yake kwa meno na kucha. Wote wawili wanatafuna nyaya za televisheni, pembe za mazulia na mguu wa meza ya bibi. Kisha anaendelea kuishi. Miaka minane hadi kumi na miwili ni ya kawaida kwa anayetunzwa vizuri, maana yake ni kwamba mtoto aliyemlilia akiwa darasa la tatu anaweza kumwacha nyuma akienda chuo kikuu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu vituo vya wanyama vya Massachusetts na Rhode Island ulionyesha kwamba sungura wengi waliofika huko waliletwa na wenyewe, na kwamba sababu zilizotajwa zilikuwa zaidi za upande wa binadamu: hana muda tena, hamu imeisha, maisha yamebadilika. Hilo ni jambo la kushika. Mnyama anayetafutiwa nyumba kwa kawaida hana kasoro. Kwa hiyo kumtangaza kwa sauti ya kuomba radhi, kama mtu anayemsukumia jirani redio mbovu, ni kumshusha hadhi tangu mwanzo na kumwita mchukuaji ambaye naye hatamthamini.

Baadhi ya serikali zimejaribu kubana mlango wa kuingilia. California ilianza Januari 2019 kuyakataza maduka ya wanyama kuuza mbwa, paka na sungura isipokuwa waliotoka kwenye vituo vya uokoaji. Jimbo la New York lilianza kutekeleza marufuku kama hiyo Desemba 2024. Ni sheria nzuri. Lakini hazimsaidii aliyesimama leo na boksi mkononi, akijiuliza amkabidhi nani.

Je, ni lazima aondoke?

Kabla ya kutafuta nyumba nyingine inafaa kuchunguza ugomvi uliopo katika hii. Sehemu kubwa ya tabia zinazowafanya watu waseme “huyu amenishinda” ni kazi ya homoni. Jike asiyefungwa uzazi hupata mimba ya uongo: anajing'oa manyoya ya kifuani, anabeba nyasi kavu mdomoni kama mzee mwenye masharubu marefu, anajenga kiota nyuma ya kabati na kumrukia yeyote atakayeingiza mkono. Wiki chache baadaye anarudi kuwa mpole, halafu yote yanaanza upya. Kwa anayeona matokeo bila kujua chanzo, huyo ni mnyama mwenye kichaa. Kwa daktari anayewajua sungura ni upasuaji mmoja, ambao pia unamkinga na saratani ya mfuko wa uzazi, ugonjwa unaowapata majike wengi wakishavuka miaka mitatu au minne. Dume akihasiwa, kunyunyiza mkojo hupungua sana au hukoma, ingawa anaweza kubaki na uwezo wa kutia mimba hata wiki nne hadi sita baada ya kuhasiwa. Wengi wamepata watoto ambao hawakuwatarajia ndani ya wiki hizo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba mnyama akishaingia nyumbani ni sharti afie hapo. Sungura aliyewekwa kwenye kizimba cha barazani kwa miaka mitano, akibadilishiwa maji mtu anapokumbuka, hana mwenyewe. Ana mlinzi aliyechoka. Kumng'ang'ania mnyama usiyemjali ili majirani wasiseme ni kujijali wewe. Tena aibu ndiyo inayowafanya watu wamwachie usiku, mahali pasipo taa. Afadhali mtu aseme wazi kwamba hawezi, aseme mapema, akiwa bado na wiki kadhaa za kuchagua.

> Mnyama anayetafutiwa nyumba kwa kawaida hana kasoro. Maisha ya mwenyewe ndiyo yaliyobadilika.

Bei: chujio au kero?

Kwenye suala la bei ndipo wanaojali wanyama wanapogawanyika. Upande mmoja wapo waokoaji wa zamani: fomu ndefu, ziara ya kukagua nyumba, ada, mkataba. Wanasema tangazo la “bure” huwavuta watu wa aina tatu: anayetafuta chakula cha chatu wake, anayekusanya wanyama ili awauze tena, na aliyeshikwa na hamu ya dakika moja. Upande wa pili wapo wanaoona kwamba urasimu huo umewafukuza watu wema wengi, kwamba vituo vimejaa huku familia zenye nia zikikataliwa kwa sababu ya jibu moja kwenye fomu, na kwamba mazungumzo ya kirafiki huleta ukweli kuliko mahojiano ya kipolisi.

Upande wa pili una ushahidi usioweza kupuuzwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walilinganisha watu waliochukua paka kituoni kwa kulipa ada na waliochukua bila kulipa, wakakuta kwamba mapenzi yao kwa wanyama hao hayakutofautiana. Kwa maneno mengine, fedha haipimi moyo. Anayesema “lipa ndipo utamthamini” anasema jambo linalosikika kuwa na hekima lakini halikusimama lilipopimwa.

Lakini tuangalie utafiti huo ulifanyika wapi. Wale paka walitoka kituoni, mahali penye wafanyakazi, mazungumzo, kumbukumbu na mlango unaoonekana. Aliyeingia kutafuta mlo wa nyoka wake alijua atatazamwa usoni. Mtu binafsi anayemtoa sungura wake kwa simu hana lolote kati ya hayo. Kwake ada ndogo inafanya kazi nyingine kabisa: inaharibu hesabu ya anayetaka nyama ya bure au bidhaa ya kuuza, na inampa mwenye nia sababu ya kukaa chini na kuzungumza. Bei ni chujio lenye matundu makubwa. Litawazuia wachache, na halitamtambua mtu mwema. Kumtambua ni kazi ya maswali. Ndiyo maana ningemshauri mtu asitangaze “bure” hata kama hatimaye hatachukua shilingi. Akiridhika na mchukuaji, ada hiyo anaweza kuigeuza kuwa robota la nyasi na kumpa aende nalo.

Sufuria haliko mbali

Afrika Mashariki swali hili lina uzito ambao vitabu vya California havikuufikiria sana. Kwetu sungura ni mfugo. Nchini Kenya, hasa miaka ya 2010, ufugaji wake ulihubiriwa kama njia ya haraka ya kujikwamua: anazaa sana, anakula majani, hahitaji shamba, na hata mkojo wake unauzwa kama mbolea ya majani na dawa ya kufukuzia wadudu. Wengi walijenga mabanda, kisha wakagundua kwamba soko la nyama ni jembamba kuliko walivyoambiwa. Sungura weupe na wale wakubwa wanaoishi leo sebuleni katika maghorofa ya Nairobi au Dar es Salaam wametoka kwenye mabanda yaleyale. Wa kipenzi na wa kitoweo ni ndugu, na kwa macho ya mpita njia hakuna cha kuwatofautisha.

Kwa hiyo lipo pingamizi ambalo mhariri wa gazeti la London hatalipata lakini letu litalipata kabla ya saa nne asubuhi: huyu ni kitoweo, mbona mnatusumbua? Jibu langu si kwamba kula sungura ni dhambi. Wanaomla hawana kosa zaidi ya wanaokula kuku. Jibu ni kwamba makubaliano yana maana. Aliyesema “nitamtunza” huku akiwaza pilau amedanganya, na uongo haugeuki kuwa sahihi kwa sababu nyama ni halali. Lipo pia la afya, ambalo wachache hulifikiria: sungura wa nyumbani hutibiwa kwa dawa za kila aina, za wadudu, za minyoo, za maumivu, bila mtu yeyote kuweka kumbukumbu ya siku zinazopaswa kupita kabla nyama yake kuliwa. Mfugaji makini hawezi kumpeleka mnyama wa namna hiyo sokoni.

Dawa yake ni kuuliza waziwazi, bila kuzunguka: kwenu mnakula sungura? Mtu mwaminifu hacheki wala hakasiriki. Anaweza kujibu ndiyo na bado awe mwenyeji mzuri, kama wafugaji wengi wa kuku walivyo na jogoo mmoja asiyeguswa. Wapo hata ambao dini imekwisha kuwajibia: Wasabato na Waislamu wa madhehebu ya Ithnaasheria hawamli. Lakini kutomla mnyama hakumfundishi mtu kumtunza, na nyumba isiyo na kisu inaweza pia kuwa haina nyasi wala kivuli.

Hatari ya pili ni anayesema kwa furaha, “Nina dume, tutawazalisha.” Hapo mazungumzo yanafaa kusimama. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Aliyezoea kulala juu ya zulia atajikuta kwenye kizimba cha waya, akizaa mfululizo hadi achoke. Njia ya uhakika ya kumwondoa kwenye hesabu hiyo ni kumfanyia upasuaji kabla hajaondoka. Gharama yake ni halisi na si kila mtu anaimudu. Anayeweza na alipe, kwa sababu hilo litamlinda mnyama mahali ambapo neno la mtu halitamlinda.

Maswali yenye meno

Swali la kwanza ni saa saba mchana. Sungura atakuwa wapi saa saba mchana, mwezi wa pili, nyumba ikiwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam? Hatoi jasho kama sisi; joto lake analitoa zaidi kupitia masikio, na hewa ikishakaribia nyuzi 30 anaanza kutaabika. Banda la bati lenye jua la mchana linaweza kumuua katika siku moja. Mtu anayeishi Limuru au Lushoto ana faida hapo bila kufanya lolote. Wa pwani hakataliwi, ila aeleze: kuna sakafu ya saruji yenye kivuli, kuna feni, kuna mtu atakayeweka chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, aegemee? Akilijibu hilo kwa kina, mengine mengi yatakuwa yamejibika. Anayefikiria joto anamfikiria mnyama akiwa peke yake, na hapo ndipo utunzaji unapopimwa.

Chakula kinafuata. Meno ya sungura hayaachi kukua, na tumbo lake linahitaji nyuzinyuzi zipite bila kukoma, kwa hiyo sehemu kubwa ya anachokula iwe nyasi: Kenya wengi hununua marobota ya boma rhodes, kwingine nyasi hukatwa na kuanikwa. Punje za dukani ni kidogo tu, majani mabichi kila siku, karoti ni kionjo. Anayejibu kwamba atamlisha mabaki ya jikoni hajafanya kosa la kumfukuzisha. Ajulishwe tu kwamba parachichi ni sumu kwake na kwamba wali na mkate vinaweza kumvuruga tumbo. Namna anavyolipokea neno hilo inasema mengi kuliko jibu lake la kwanza.

Kuhusu nafasi, chama cha Uingereza cha ustawi wa sungura kinashauri eneo lisilopungua mita tatu kwa mbili, na urefu wa mita moja kwenda juu, kwa sungura wawili. Si kizimba, ni kona ya chumba. Na ni wawili kweli: huyu ni mnyama wa kundi, na waliozoeana kwa miaka wasitenganishwe ili kuwarahisishia watu wawili. Mwenye sungura mwingine tayari asiwaweke pamoja siku ya kwanza. Wawekwe mahali pasipo pa yeyote kati yao, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, la sivyo watachaniana ngozi.

Kisha daktari. Katika miji yetu daktari wa mifugo mzuri mara nyingi amezoea ng'ombe na mbwa, na sungura si mbwa mdogo. Kuna swali moja la kumuuliza kwa simu: “Kabla ya upasuaji, sungura afunge kula tangu usiku?” Mbwa hufungishwa kwa sababu anaweza kutapika akiwa usingizini. Sungura hawezi kutapika, na tumbo tupu kwake ni hatari. Anayejibu kwamba afunge usiku kucha, atafutwe mwingine. Vilevile amoksilini ya kunywa, dawa ya kawaida kwa watoto wetu, huua bakteria wanaomwezesha kumeng'enya chakula na inaweza kumuua. Na fipronili, dawa ya viroboto anayopakwa mbwa bila shida, haifai kwake kabisa. Mchukuaji si lazima ayajue haya. Aliyekuwa akiishi na mnyama ndiye anayepaswa kuyajua na kuyaandika.

> Mtu mwaminifu hacheki wala hakasiriki akiulizwa: kwenu mnakula sungura?

Wapo watakaosema maswali yote haya yatawakimbiza watu, na sungura atabaki palepale alipochokwa. Ni pingamizi zito na halijibiki kwa kauli mbiu. Ni kweli kwamba mwenyeji mkamilifu hayupo, na kumngojea ni njia nyingine ya kutoamua. Ndiyo maana tofauti inayonihusu ni kati ya asiyejua na asiyetaka kujua. Asiyejua anafundishika kwa mchana mmoja, sakafuni, mnyama akinusa viatu vyake. Asiyetaka kujua hujitambulisha mwenyewe: ana haraka, anataka kuja usiku, hataki kuonyesha mahali pa kumweka, anauliza uzito kabla ya jina. Huyo akikimbia, maswali yamefanya kazi yake.

Porini na shuleni

Wapo wanaoona njia fupi: aachiwe msituni, arudi kwa wenzake. Hana wenzake huko. Sungura wa porini tunaokutana nao Afrika Mashariki, yule mjanja wa hadithi, ni wa ukoo mwingine: huzaliwa juu ya ardhi akiwa na manyoya, macho wazi, karibu tayari kukimbia. Wa kufugwa huzaliwa shimoni, uchi na kipofu, na kizazi baada ya kizazi amechaguliwa kwa weupe na upole, sifa mbili ambazo mwewe hufurahia. Mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Akinusurika ni balaa la aina nyingine. Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, kilipelekewa sungura na Waholanzi katika karne ya 17. Kufikia mwaka 2008 walikuwa maelfu, wameitafuna mimea hadi udongo ukabaki mtupu, na wengi ikabidi wauawe. Australia, iliyoanza na sungura wachache wa mwaka 1859, bado inalipa.

Njia nyingine inayopendwa ni kumpa shule au kituo cha watoto. Inapendeza kwenye picha. Lakini sungura ni mnyama anayewindwa. Kunyanyuliwa kwake ni kukamatwa, na akirusha teke akiwa mikononi mwa mtoto anaweza kuvunjika mgongo. Swali la kumuuliza mwalimu mkuu ni moja: Desemba, shule ikifungwa, nani anaingia hapa Jumapili? Kukiwa na jina la mtu mzima, mazungumzo yaendelee. Jibu likiwa “tutaona”, basi.

Vituo vya uokoaji navyo visifikiriwe kuwa ghala. Nairobi kuna shirika la kutetea wanyama la KSPCA huko Karen, lakini kazi yake kubwa ni mbwa, paka na punda. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ila hakuna sheria inayokuja kuchagua mwenyeji kwa niaba ya mtu. Mara nyingi anayefaa yuko karibu kuliko inavyodhaniwa: mteja mwingine wa daktari yuleyule, anayenunua nyasi duka lilelile, au mtu aliyefiwa na sungura wake mwezi uliopita na amebaki na mmoja aliyezubaa.

Siku ya makabidhiano

Kuhama ni mshtuko, na sungura aliyeshtuka huacha kula. Hilo kwake si kususa. Tumbo likisimama, gesi hujaa, na saa kumi na mbili bila chakula wala kinyesi ni dharura ya kumpeleka kwa daktari usiku huohuo. Kwa sababu hiyo asihame mikono mitupu. Aende na nyasi alizozoea za wiki mbili, punje zilezile, bakuli lake, kitambaa anacholalia kikiwa hakijafuliwa, na kisanduku chake cha choo kikiwa na matandiko kidogo yenye harufu yake, ili ajue pa kujisaidia. Asafirishwe asubuhi kukiwa na ubaridi, ndani ya boksi gumu lenye matundu, si kwenye gunia juu ya bodaboda.

Karatasi iende naye pia: umri, jinsia iliyothibitishwa na daktari (wengi waliouzwa kama dume walizaa), dawa alizopata, anachopenda, anachoogopa, na ukweli wote kuhusu waya alizotafuna. Kuficha kasoro ili achukuliwe upesi ni kumpangia safari ya tatu. Mwisho wa karatasi uandikwe mstari mmoja wa makubaliano: mwenyeji mpya akishindwa, kwa sababu yoyote, atampigia aliyemtoa kabla ya kumpa mtu mwingine. Mstari huo huenda usiwe na nguvu mahakamani. Nguvu yake ni kwamba unamwondolea mchukuaji aibu ya kukiri, na tumeona aibu inavyowapeleka watu viwanjani na maboksi yao jioni.

Simu ya kwanza ipigwe kesho yake, ya pili baada ya wiki mbili, na isiwe ya kuuliza “Anaendeleaje?” kwa kuwa jibu la swali hilo ni “Salama” kila mara. Aulizwe leo amekula nini, amelala kona gani, na kinyesi chake ni punje ngumu za duara au kimekuwa kidogo na chembamba. Anayeishi na mnyama huyo kweli atajibu bila kwenda kuangalia.